Mangi Mbele ya Lenzi

Mwaka 1887 Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilipokea kamera mbili. Moja ililetwa na Samuel Teleki, kabaila wa Hungaria aliyekuwa safarini kuelekea ziwa ambalo leo tunaliita Turkana, akifuatana na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria. Nyingine ililetwa na Hans Meyer, kijana wa miaka 29 kutoka familia ya wachapishaji wa Leipzig, Ujerumani. Wote walikuwa na shabaha ya kuupanda mlima wa theluji, na wote iliwabidi kwanza wapite uani kwa mtu mmoja. Huyo alikuwa Mangi Ndegoruo Marealle, mtawala wa Marangu, ambaye wakati huo alikuwa bado kijana, na ambaye wasafiri wa miaka ile walimwandika kwa kuusifu uso wake na ukarimu wake.

Teleki aliishia kwenye theluji ya kwanza, na Meyer alikwama chini ya ukuta wa barafu wa Kibo, kilele kikuu cha mlima huo. Hata hivyo Meyer hakurudi kwao mikono mitupu. Mwaka 1888 alitoa mjini Berlin albamu ya picha 40 za safari yake, *Zum Schneedom des Kilima-Ndscharo*. Hadi hapo watu wa Ulaya walikuwa wameijua nchi ya Wachagga zaidi kwa maneno na kwa michoro ya mkono: maandishi ya mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 na kubishiwa na wasomi waliokaa London, kisha michoro ya Harry Johnston, aliyekaa miezi kadhaa kwenye miteremko ya mlima mwaka 1884. Albamu ya Meyer ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa zilizowapa Wazungu waliobaki kwao nafasi ya kuitazama nchi hii kwenye picha za kamera.

Tangu hapo picha za zamani za Kilimanjaro huandikwa jina la mwenye kamera peke yake. Picha ya Meyer, picha ya mmisionari fulani, picha ya ofisa fulani. Desturi hiyo inatudhulumu. Picha ya uso wa mtu haitengenezwi na aliye nyuma ya lenzi peke yake. Aliyesimama mbele yake naye ni mtunzi, kwa sababu ndiye anayeamua avae nini, akae vipi, atoe nini na afiche nini. Nyuma yao wote wapo watu wengine ambao mikono yao imo kwenye picha ile ingawa nyuso zao hazimo. Marealle ni mfano mzuri wa jambo hili, kwa kuwa kamera zilimjia mara nyingi na kila moja ilimjia na nia yake.

Tuanze na kazi yenyewe, maana bila kuijua hatutaelewa kilichotokea kwenye uso wa mtu yeyote aliyepigwa picha miaka ile.

Kabla ya miaka ya 1870 mpiga picha alipaswa kuupaka utando wa dawa kwenye kioo papo hapo, kupiga picha utando ungali umelowa, kisha kuisafisha kabla haujakauka, yote ndani ya dakika chache. James Augustus Grant alijaribu kupiga picha Unguja mwaka 1860, kabla ya kuondoka na John Hanning Speke kwenda bara, kisha akaiacha kamera na kurudi kwenye kuchora kwa mkono. Mambo yalibadilika Mwingereza Richard Leach Maddox alipoeleza mwaka 1871 namna ya kuchanganya chumvi za fedha na gelatini. Kutokana na njia hiyo vilipatikana vioo vikavu, vilivyotengenezwa kiwandani, vikafungwa kwenye maboksi yasiyopitisha mwanga na kukaa miezi kabla ya kutumiwa. Kufikia miaka ya 1880 msafiri aliweza kuvinunua Ulaya, kuvipakia melini, na kuvifungua kwa mara ya kwanza ndani ya hema lenye giza huko Marangu.

Lakini kioo ni kioo. Bamba moja la sentimita 13 kwa 18 lina uzito wa gramu 100 hivi. Mabamba 100 ni kilo 10 kabla hujahesabu maboksi, kamera ya mbao, stendi ya miguu mitatu, chupa za dawa na taa nyekundu. Mzigo wa mpagazi wa pwani ulikuwa kama frasila 2, yaani zaidi ya kilo 30, na aliubeba kichwani au begani kutoka Mombasa, kupitia nyika kavu ya Taru, hadi Taveta, kisha kuipanda miteremko ya Vunjo, eneo la Marangu na majirani zake. Mpagazi aliyepewa mzigo wa nguo akianguka, nguo hukung'utwa vumbi. Aliyebeba vioo akianguka, nyuso zote zilizomo humo hupotea. Kila picha ya miaka ya 1880 iliyofika Leipzig ikiwa nzima ni ushahidi wa mtu aliyejua kuweka mguu vizuri kwenye mawe ya mto. Meyer mwenyewe alionja namna safari inavyoweza kumpokonya mtu kila kitu. Mwaka 1888 aliporudi na Oscar Baumann, walikamatwa na wapiganaji wa upande wa Abushiri bin Salim waliokuwa wameasi utawala wa kampuni ya Kijerumani pwani. Wakaachiwa baada ya kulipa fidia, na safari ikafia hapo.

Sasa tazama kazi inavyofanyika uani. Mpiga picha husimamisha stendi, hufunika kichwa chake na kamera kwa kitambaa cheusi, na kwenye kioo chenye ukungu huiona sura ya mtu ikiwa kichwa chini miguu juu. Huisogeza lenzi mbele na nyuma mpaka macho ya mtu yaonekane wazi. Huchomoa kioo cha kutazamia na kuingiza bamba lenye dawa. Kuanzia dakika hiyo haoni tena kitu, na anayepigwa picha akigeuka hatajua. Huondoa kifuniko cha lenzi kwa mkono, hungoja, hukirudisha. Juani kungoja huko kulikuwa kufumba na kufumbua jicho. Penye kivuli cha migomba ilikuwa lazima mtu akae kimya zaidi, akizuia pumzi. Ule ukali tunaouona kwenye nyuso nyingi za zamani, ambao watu wengine huuchukulia kuwa ni hofu au ushamba, mara nyingi ni matokeo ya kuambiwa usitikisike.

Halafu kulikuwa na upofu wa dawa yenyewe. Vioo vya kawaida vya wakati ule viliishika sana rangi ya buluu na karibu havikuiona kabisa nyekundu. Profesa Hermann Wilhelm Vogel wa Berlin alikuwa amegundua mwaka 1873 kwamba rangi fulani zikichanganywa kwenye utando zinaupanua uwezo wake wa kuona, lakini vioo vya namna hiyo vilichukua muda kuenea. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro upofu huo ulikuwa na madhara mawili. Anga ya buluu ilitoka nyeupe, na theluji ya Kibo ikapotelea ndani yake, hata mlima ambao Meyer alikuja kuwathibitishia watu ukaweza kufutika kwenye kioo. Na ngozi ya mtu, ambayo weusi wake una wekundu na udongo na shaba ndani yake, ilitoka nyeusi kuliko ilivyo, huku nguo nyeupe ikiungua kwa mwanga. Mpiga picha alilazimika kuchagua. Akiupa uso muda wa kutosha, shuka ya amerikani itageuka doa jeupe lisilo na mikunjo. Akiilinda shuka, uso utazama gizani. Tunapoitazama leo picha ya mzee wa miaka ile na kuona macho mawili tu yanayong'aa ndani ya weusi, tujue kwamba kuna mtu aliyechagua, na kwamba dawa ile ilitengenezwa na watu ambao hawakuwa wameifikiria ngozi hii.

Kuna jambo moja ambalo Marangu ilimpa mpiga picha na pwani haikuweza kumpa, nalo ni maji baridi. Gelatini haipendi joto. Katika maji ya uvuguvugu hulainika, ikajikunja pembezoni na hata kubanduka kutoka kwenye kioo, na wapiga picha wa nchi za joto walilalamika sana juu ya hilo. Maji ya Marangu hushuka kutoka msituni kwa vijito na kwa mifongo, mifereji ya umwagiliaji ambayo Wachagga waliichimba na kuigawana zamu kwa sheria zao wenyewe. Msafiri aliyetaka kusafisha bamba moja mbili usiku, apate kujua kama kamera yake bado ni nzima, alikuwa na maji safi na ya baridi karibu na hema lake. Wakati mwingine sura ya mtu wa Marangu ilitokea kwa mara ya kwanza ikioshwa na maji ya mfongo wa kwao.

Basi huyo aliyekuwa mbele ya lenzi alikuwa nani? Marealle alirithi nchi ndogo. Kwa upande wa magharibi alikuwapo Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, mtu mwenye jicho moja na akili nyingi, aliyezungumza Kiswahili kwa ufasaha na kufanya biashara na misafara ya pwani. Mbele zaidi alikuwapo Sina wa Kibosho, mbabe wa vita aliyeogopwa mlima mzima. Kati ya wakubwa hao Marealle hakuweza kushinda kwa mikuki. Alichokuwa nacho ni njia ya kupandia mlimani iliyopita katika nchi yake, na akili ya kujua thamani ya mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, naye aliufanya usemi huo kuwa siasa. Aliwapa wageni mahali pa kupiga hema, ndizi, mbuzi na waongozaji. Wao walimpa nguo, bunduki, urafiki, na sifa njema kwenye vitabu vyao.

Kamera iliingia ndani ya hesabu hiyo. Mangi wa miaka ile hakuwa mtu wa kushangazwa na kila kitu kilichotoka nje. Misafara ya Waswahili kutoka Pangani na Mombasa ilikuwa ikija kwa miongo mingi kutafuta pembe za ndovu, na kwa njia hiyo kanzu, joho, shanga na vitambaa vya kila aina vilikuwa vimeshakuwa lugha ya heshima katika nyua za mamangi. Mtawala alijua kwamba anavyovaa mbele ya mgeni ndivyo atakavyosimuliwa. Mwaka 1889 Rindi alikwenda mbali zaidi. Aliwatuma wajumbe wake Berlin pamoja na Otto Ehlers, nao wakapokewa na Kaisari Wilhelm II. Habari hizo hazikufichika milimani. Marealle hakutuma wajumbe, lakini sura yake iliweza kusafiri kwa vioo, na hakuna dalili kwamba aliikatalia.

Meyer alirudi tena mwishoni mwa Septemba 1889, safari hii akiwa na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller, na Marangu ndiyo iliyokuwa kambi yao ya kutokea. Tarehe 6 Oktoba walifika kilele cha juu cha Kibo, ambacho Meyer alikipa jina la mfalme wake, na ambacho tangu 1961 kinaitwa Uhuru. Kitabu cha safari hiyo, *Ostafrikanische Gletscherfahrten*, kilichapishwa Leipzig mwaka 1890, kikiwa na picha zilizochapwa kwa mabamba ya shaba.

Hapa tumtaje mtunzi mwingine asiyeonekana. Ili picha ya kioo iingie kitabuni kwa ubora, fundi aliihamishia kwenye bamba la shaba, akalichimba kwa tindikali, kisha akalirekebisha kwa mkono. Aliweza kuirudishia anga kivuli, kuzikaza kingo za theluji, kulainisha shavu, kung'arisha mkuki. Katika vitabu vya bei nafuu mambo yalikwenda mbali zaidi. Mchoraji aliitazama picha na kuichora upya, na mchoro ndio uliochapwa. Fundi huyo hakuwahi kuuona mgomba wala kusikia Kichagga. Uso wa mtu wa Vunjo ulipita chini ya mkono wake, akauongezea kile alichodhani uso wa Mwafrika unapaswa kuwa nacho. Ndiyo maana mtu yuleyule, akichapwa katika vitabu viwili, anaweza kuonekana kama watu wawili wasio na undugu.

Miaka miwili baada ya Meyer alifika mgeni wa namna nyingine. May French-Sheldon, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alitoka Mombasa mwaka 1891 akiongoza msafara wake mwenyewe wa wapagazi zaidi ya 100, jambo ambalo wakuu wengi wa Kizungu huko na Unguja waliliona ni wazimu kwa mwanamke. Alijua kabisa nguvu ya sura. Alichukua gauni la kifalme la kuvaa mbele ya watawala, nywele za bandia za rangi ya dhahabu, vito na upanga, na machela ya kubebwa iliyotengenezwa kwa ajili yake. Watu wa msafara wakamwita Bibi Bwana. Kabla ya kuipiga picha Afrika, alikuwa amejitengeneza yeye mwenyewe kuwa picha.

Alipofika Marangu, kwa maelezo yake katika kitabu *Sultan to Sultan* kilichotoka mwaka 1892, Marealle alimjia akiwa amevaa nguo za Kizungu. Mgeni hakufurahi. Alimwambia wazi kwamba nguo zile hazimfai, na kwamba alitaka kumwona katika vazi la kwao, kama mtawala mkubwa wa Kiafrika. Mangi akaenda, akarudi amevaa nguo za kienyeji, na mgeni akaandika kwa shauku juu ya uzuri wake.

Tukio hilo fupi linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna kazi yote ya kutengeneza picha ya uso. Watu wawili wanakutana, na kila mmoja amekuja amevaa kwa ajili ya mwenzake. Mwanamke amevaa kama malkia ili mangi amheshimu. Mangi amevaa kama mwenye uhusiano na Ulaya ili mwanamke ajue kwamba hapa si porini. Kila mmoja ana haki ya kuchagua sura yake. Lakini mmoja wao ndiye mwenye kitabu, na kwa hiyo ndiye aliyeweza kumwambia mwingine avue. Wasomaji wa Boston na London walimngojea sultani wa Kiafrika; mtu aliyevaa suruali angewavuruga.

Hata hivyo sikubali kwamba Marealle alishindwa siku ile. Mtu aliyekuwa amekwisha kuwapokea Teleki, von Höhnel na Meyer alijua kusoma matakwa ya mgeni. Nguo za Kizungu zilikuwa zake, nazo za kienyeji zilikuwa zake. Kuvua moja na kuvaa nyingine kulimgharimu muda mchache, kukampatia rafiki aliyeyaandika mema yake katika kitabu kilichosomwa pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Huo nao ni utunzi. Mwigizaji mzuri hubadili vazi bila kubadilika mwenyewe, na siasa za Marealle katika miaka iliyofuata zinaonyesha kwamba hakuwahi kusahau alikuwa nani na alitaka nini.

Miaka hiyo ilikuwa ya damu. Mwaka uleule wa 1891 Carl Peters, kamishna wa Ujerumani Kilimanjaro, alikihamishia Marangu kituo cha kijeshi kilichokuwa Moshi. Hapo kituoni aliwanyonga mtumishi wake aliyeitwa Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodja. Kashfa hiyo ilifika katika bunge la Ujerumani mwaka 1896, na Peters akafukuzwa kazi mwaka uliofuata. Rindi alifariki mwaka 1891, mwanawe Meli akachukua kiti. Juni 1892 wapiganaji wa Meli waliwashinda Wajerumani walioongozwa na von Bülow, na Bülow akafa. Agosti 1893 Gavana von Schele akaja na jeshi kubwa na kuivunja nguvu ya Moshi. Katika yote hayo Marealle alisimama upande wa Wajerumani, akakua hata akawa mkubwa kuliko mamangi wote wa Vunjo. Wanahistoria, Kathleen Stahl akiwa mmoja wao, wameeleza jinsi alivyomjaza ofisa wa Kijerumani, Kapteni Kurt Johannes, wasiwasi juu ya njama za mamangi wenzake. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 huko Moshi ya Kale, akiwemo Mangi Meli, na Molelia wa Kibosho. Mwaka 1904 zamu ikamgeukia Marealle mwenyewe. Wajerumani walipomshuku, alikimbilia upande wa Waingereza.

Ninaisimulia historia hii kwa sababu picha haiisemi. Meyer aliporudi Kilimanjaro mwaka 1898, safari hii na mchoraji Ernst Platz wa München, brashi iliweza kuleta rangi ambazo kioo kilikuwa kipofu kwazo: kijani cha migomba, wekundu wa udongo, samawati ya barafu ya jioni. Lakini wala brashi wala lenzi haikuweza kuonyesha kwamba mwenyeji yule mpole, mwenye uso mzuri, alikuwa katikati ya mchezo ambao ungewapeleka wenzake kwenye kamba. Uso wa mtu ni mlango, na Marealle alijua kuufunga.

Miaka hiyohiyo aina nyingine ya picha ilikuwa ikienea, nayo ndiyo iliyotuumiza zaidi. Katika picha ya uso ya kweli, mtu ana jina. Katika picha za wataalamu wa kupima watu, na katika kadi za posta zilizouzwa kwa walowezi na mabaharia, mtu alikuwa mfano wa kabila lake tu. Chini yake palichapwa Mchagga, Mmasai, mwanamke wa pwani. Hata kazi za Walther Dobbertin, mpiga picha hodari aliyefanya kazi Dar es Salaam kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia na ambaye picha zake nyingi zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, zina watu wengi wasio na majina. Mwanga ni mzuri, macho ni makali, mkao ni wa fahari, na mtu hajulikani. Nusu ya kazi, ile iliyofanywa na aliyepigwa picha, imekatwa na kutupwa.

Kukatwa huko hakukuishia kwenye karatasi. Tangu kunyongwa kwa Meli, watu wa Moshi ya Kale wameshikilia kwamba kichwa chake kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekuwa ukikitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko na familia zilizo hai za Kilimanjaro, likiwemo la Akida, mshauri wa Meli. Mtu aliyekuwa na namba ndani ya kabati alirudishiwa jina lake. Kazi ileile tunaidai kwa picha.

Marangu yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Katika maandishi ya Meyer, msaidizi aliyekwenda naye juu zaidi ametajwa kuwa Mwini Amani wa Pangani. Watu wa Marangu kwa upande wao waliendelea kumtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza wageni mwaka 1889. Katika maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989, Mzee Lauwo alikuwa hai, akaheshimiwa mbele ya dunia, na picha zake za uzeeni zikasambaa zikiwa na jina lake kamili. Alifariki mwaka 1996. Hapo hapakuhitajika kamera ya ajabu. Palihitajika watu walioamua kwamba aliyebeba mzigo na kuonyesha njia naye ana sura na jina.

Ukoo wa Marealle nao haukuiacha kalamu kwa wageni. Petro Itosi Marealle, aliyekuwa mangi wa Marangu, aliandika *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, kilichotoka mwaka 1947, akieleza kwa Kiswahili mila zilezile ambazo wasafiri walizipiga picha bila kuzielewa. Ukiiweka picha ya zamani kando ya kitabu kile, vitu vinaanza kusema: jani la sale mkononi mwa mtu halibaki kuwa jani tu, linakuwa ombi la msamaha au ahadi ya amani. Thomas Marealle, aliyekuwa Mangi Mkuu wa Wachagga kuanzia 1952 hadi 1960, alikwenda mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1957 kusema kwa kinywa chake mwenyewe.

Picha nyingi za wamisionari wa Leipzig, waliofika Machame mwaka 1893 na Mamba, jirani na Marangu, mwaka 1894, sasa zinaweza kutazamwa na yeyote mwenye simu, kwa kuwa zimewekwa kwenye hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Humo mna nyua, harusi, wanafunzi, wajenzi wa makanisa, wazee wenye vijiti vyao. Wengi hawana majina. Lakini Vunjo bado kuna wazee wanaoweza kutazama mstari wa migomba nyuma ya mtu na kusema hapa ni kwa fulani, kutazama shavu na kusema huyu ni wa ukoo fulani. Ujuzi huo uko hai leo, na kila msiba unapungua.

Kwa hiyo rai yangu ni ya kazi. Walimu wa historia wa Marangu, Mamba na Kilema wawape wanafunzi picha hizi waende nazo kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vya babu na bibi zao, wakae nao, waulize, waandike jina, kihamba, ukoo, vazi na sababu yake, na majina hayo yapelekwe kwenye hifadhi zinazozimiliki picha, zikubali kuyaandika. Na kila anayeshuka leo kwenye Lango la Marangu akiwa na picha ya kilele kwenye simu yake, ayaandike chini yake majina ya mwongozaji na wapagazi waliompandisha, kama anavyoandika la kwake. Marealle alitoa uso wake kwa kamera akijua anachotoa. Deni lililobaki ni kwa wale ambao nyuso zao zilichukuliwa na majina yao yakaachwa uani, na deni hilo linalipika kwa kalamu, daftari na asubuhi moja ya kukaa na mzee.